Mpimaji Ajue, Mchimba Rupia Asijue

Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Idara ya Mambo ya Kale, Wizara ya Maliasili na Utalii. Nakala kwa wakurugenzi wa Halmashauri ya Jiji la Arusha, Halmashauri ya Wilaya ya Meru na Halmashauri ya Wilaya ya Arusha.

YAH: RAMANI ZA KIDIJITALI NA MAENEO YA KALE YA MLIMA MERU

Ndugu Mkurugenzi,

Nimeamua kukuandikia hadharani badala ya kupitia masijala, kwa kuwa ninayoyasema yanawahusu watu wengi ambao hawatafika ofisini kwako: washili na malaigwanani (viongozi wetu wa mila), wenyeviti wa mitaa, wapimaji wa viwanja, waongoza watalii, wanafunzi wenye droni, na kina mama wa vijijini wanaojua kila jiwe la kaburi lililo migombani mwao.

Siku hizi kila mtu anachora ramani. Mtafiti anapita na kifaa cha GPS. Halmashauri inarasimisha makazi. Kijana anapiga picha ya mti wa matambiko kwa simu, anaiweka mtandaoni, na ndani ya picha ile simu imeshaandika yenyewe mahali alipokuwa amesimama, kwa makosa ya mita chache tu. Maeneo ya kale ya Meru na Arusha yanaingia kwenye ramani moja baada ya jingine, na mpaka sasa sisi wakazi hatujaulizwa nani ayaone, kwa kiasi gani, na kwa idhini ya nani. Ombi langu ni Idara yako iweke utaratibu huo sasa, na iuweke pamoja na wenye maeneo.

Ukitaka kujua kwa nini watu wa mlima huu wana haki ya kuuliza maswali mbele ya ramani, rudi Engare Nanyuki. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilimteua Jaji Mark Wilson achunguze suala la ardhi ya Moshi na Arusha. Ripoti yake ya 1947 ilishauri mashamba ya walowezi yaliyo kati ya Meru na Kilimanjaro yaunganishwe yawe ukanda mmoja, na ili ukanda ule ukamilike, Wameru wa Engare Nanyuki waliokuwa ndani yake wahamishwe. Katika makaratasi ya serikali makazi yao yalikuwa Shamba Namba 31 na Shamba Namba 328. Koo, malisho, makaburi, chemchemi, vyote viliingia ndani ya namba hizo mbili. Novemba 1951 watu wapatao 3,000 wakatolewa kwa nguvu na nyumba zao zikachomwa moto. Mwaka uliofuata mwakilishi wa Wameru, Kirilo Japhet, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, akaipeleka kesi ile Umoja wa Mataifa, New York.

Wengi tunaikumbuka kesi ya ardhi ya Wameru kama mwanzo wa siasa za kudai uhuru, na ndivyo ilivyokuwa. Mimi naisoma pia kama kesi ya ramani. Yawezekana kabisa vipimo vya Namba 31 na 328 vilikuwa sahihi hadi futi ya mwisho. Lakini waliochorwa ndani yake hawakushirikishwa katika kuamua mistari ile ingetumika kwa kazi gani. Mzee aliyezaliwa kabla ya 1951 akimwona kijana mgeni anazunguka kihambani na kifaa kinacholialia, akaanza kumhoji, asiambiwe kwamba anapinga maendeleo. Anauliza kitu ambacho serikali ya wakati ule haikutaka kuulizwa.

Hata hivyo siwezi kusema tusichore. Ningesema hivyo ningekuwa nawasaliti watu haohao, kwa sababu mahali pasipo kwenye ramani yoyote ndipo panapokufa kwanza. Sensa ya 2012 ililikuta Jiji la Arusha na watu zaidi ya 416,000. Ya 2022 ikalikuta na zaidi ya 617,000. Watu hao wote wanahitaji pa kulala, na jiji linajitanua kuelekea Moshono, Muriet na Olmoti, huku upande wa Meru nyumba zikifuatana kandokando ya barabara ya Moshi hadi Usa River. Ujenzi wa uwanja wa mpira wa watazamaji 30,000 ulianza Olmoti mwaka 2024 kwa ajili ya AFCON 2027. Greda linashuka, moramu inamwagwa, bikoni zinapandwa. Dereva wa katapila hana chuki na historia. Katika karatasi aliyopewa hakuna alama yoyote inayomwambia asimame.

Na vinavyoondoka hivyo haviwezi kurudishwa. Vipande vya vyungu na mawe yaliyochongwa vina maana vikiwa palepale vilipolala, kwenye tabaka lake la udongo, karibu na jivu la jiko lake. Ukivizoa na kuvipanga kabatini bila kujua vilitoka wapi, umebaki na vigae. Wameru wamelima miteremko hii tangu karne ya 17, na mifereji waliyoichimba kushusha maji kutoka msituni ni kumbukumbu ya uhandisi, ya sheria za kugawana maji, ya nani aliwahi kufika wapi. Mfereji ukifukiwa kwa ajili ya msingi wa fremu za maduka, hakuna kitabu kitakachoirudisha kumbukumbu ile.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi. Hapa Tengeru yapo makaburi ya wakimbizi wa Kipolandi. Kambi yao ilianza mwaka 1942, katika miaka ya Vita Kuu ya Pili, ikafikia watu wapatao 5,000. Makaburi yale yamezungushiwa ukuta, yana majina, yanatembelewa, na mtu yeyote anaweza kuyapata kwa simu akiwa Warszawa. Ni jambo jema. Wale walikuwa binadamu waliokufa mbali na kwao, na ninafurahi kwamba wanatunzwa. Sasa tazama umbali mfupi kutoka hapo, Akeri. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa pale, na jeshi la Kijerumani chini ya Kapteni Kurt Johannes likaja kulipiza kisasi juu ya Wameru na Waarusha: watu wakauawa, mifugo ikatekwa, migomba ikakatwa. Majina ya wamisionari yamo vitabuni. Mahali walipoangukia watu wa Meru na Arusha, mahali walipozikwa, hayo yamebaki vinywani mwa wazee wa koo, na wazee wanaondoka kila mwaka. Boma la Wajerumani lililojengwa mjini mwaka 1900 leo ni makumbusho ya historia ya asili, na lina alama katika kila ramani ya watalii. Kwa hiyo ramani tulizonazo zimeshachagua nani akumbukwe.

Basi tuchore. Uwezo upo. Mwaka 2022 nchi nzima ilifanya operesheni ya anwani za makazi. Vijana walipita mlango kwa mlango na simu mkononi, na nyumba za hapa zikapata namba na kuingia kwenye mfumo wa kidijitali. Tukiweza kuandika kila mlango kwa miezi michache, tunaweza kuandika kila kaburi la kale, kila mti wa matambiko na kila korongo linalotema mawe ya kale, kata kwa kata, kwa kuwashirikisha wenyeji wanaoyajua.

Hofu yangu ni kitakachofuata baada ya kuandika.

Unafahamu kuliko mimi habari za mali za Mjerumani. Nchi nzima watu wanasimuliana kwamba Wajerumani walipokimbia katika Vita Kuu ya Kwanza walifukia rupia na dhahabu, wakaacha alama kwenye majabali, mapango na miti mikubwa. Kondoa, ambako michoro ya miambani iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, watafiti wameandika jinsi watu walivyochimba sakafu za mapango wakisaka hazina hiyo. Mchimba rupia hapati kitu, lakini kabla ya kukata tamaa ameshavuruga tabaka za udongo za maelfu ya miaka. Huku kwetu simulizi ni zilezile, na boma la Mjerumani liko katikati ya mji likizitia watu hamu. Ukiweka mtandaoni orodha ya maeneo ya kale ya Arumeru yenye namba za GPS, umempa mtu huyo kazi ya mwaka mzima bila yeye kuuliza njia.

Wizi wa waliozikwa nao una historia yake kwetu. Mangi Meli wa Moshi alinyongwa Machi 1900 pamoja na viongozi wengine, wa Meru wakiwemo. Katika ukoloni uleule mafuvu ya watu wa Afrika Mashariki yalikusanywa, mengine yakitwaliwa makaburini, yakapelekwa Berlin kwa jina la sayansi. Katika mkusanyiko mmoja uliochunguzwa miaka ya karibuni yalikuwamo zaidi ya 1,000, takriban 200 yakiwa ya Tanzania. Septemba 2023 wachunguzi wa Berlin walitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeyaunganisha baadhi yake na familia zilizo hai za Kilimanjaro. Fikiria zaidi ya miaka 100 ya familia kutojua. Yaelekea waliochukua walijua wanakokwenda, kwa sababu kuna aliyewaonyesha au aliyewaandikia. Taarifa ya mahali lilipo kaburi ni taarifa nzito, hata ikiwa ni tarakimu chache kwenye jedwali.

Waongoza watalii wa Arusha watanielewa haraka. Mwongozaji mzoefu akimwona faru hatangazi mtandaoni amemwona kwenye kona ipi. Anajua anayesikia si mtalii peke yake. Askari wa hifadhi lazima ajue faru alipo. Jangili hapaswi kujua. Ndicho ninachokiomba kwa maeneo ya kale: mpimaji wa viwanja ajue, mchimba rupia asijue.

Kitaalamu jambo hili haligharimu sana. Latitudo na longitudo huandikwa kwa desimali. Katika nchi yetu, karibu na ikweta, desimali mbili zinakupa eneo lenye upana wa kama kilometa moja. Desimali nne zinakufikisha ndani ya mita 11, yaani uwanjani kwa mtu. Ramani ya umma inaweza kuishia desimali mbili, au kutaja kata tu. Rekodi kamili ikakaa kwenye kanzidata ya Idara, na tabaka lake maalumu likafika kwa maofisa ardhi na mipango miji wa halmashauri zote tatu, kiasi kwamba mchoro wa viwanja ukipita juu ya eneo la kale, mfumo uwasimamishe kabla bikoni ya kwanza haijapandwa. Wanaopitia tathmini za athari kwa mazingira chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 walione pia.

Hatutakuwa wa kwanza. Mwaka 1979, mwaka uleule Bunge letu lilipoifanyia marekebisho Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, Marekani ilitunga sheria ya kulinda mabaki ya kale ambayo kifungu chake cha 9 kinazuia kutoa hadharani taarifa za mahali yalipo, pale ambapo kufanya hivyo kungeyahatarisha. Mwanaakiolojia Sarah Parcak alipowaalika watu wa dunia nzima mwaka 2017 wamsaidie kutafuta maeneo ya kale ya Peru kwenye picha za setilaiti, picha zilikatwa vipande vidogo na mtazamaji hakuonyeshwa kipande chake kimetoka wapi. Sheria yetu sisi inamtaka anayegundua kitu cha kale atoe taarifa serikalini, na hilo ni zuri. Lakini iliandikwa enzi za ramani za karatasi, na ni kazi ya Idara yako kuipa kanuni za enzi hii.

Na mfano mkubwa kuliko yote uko ndani ya Mkoa wetu wa Arusha. Nyayo za Laetoli, zenye umri wa miaka milioni 3.66, zilizogunduliwa na timu ya Mary Leakey mwaka 1978, zilifukiwa upya. Mizizi ya migunga ilipoanza kuzitishia, Idara yako na taasisi ya Getty zilizifunua, zikazipima kwa kina, zikazifunika tena kwa ustadi katika miaka ya 1990. Wamasai wa pale walishirikishwa. Mgeni anaona nakala. Nyayo zenyewe zimelala chini ya mchanga. Na dunia haikunyimwa elimu. Kwa hiyo Idara yako inajua, tena kwa mafanikio ya kujivunia, kwamba kuhifadhi mara nyingine ni kufunika.

Nakiri kanuni moja haitafaa kila mahali. Engaruka, kule Monduli, haifichiki. Mashamba yale yaliyojengewa kwa mawe, yapata hekta 2,000, yenye mifereji na vijiji vya kati ya karne ya 15 na ya 18, yameandikwa na watafiti tangu zama za wanaakiolojia Louis Leakey na John Sutton. Pale ningetaka kinyume: mipaka ichorwe kwa usahihi wote na iwekwe wazi kwa kila Mtanzania, hasa sasa ambapo Shirika la Maendeleo la Taifa lina mradi wa magadi katika bonde la Engaruka. Jiwe likiondolewa au shimo likichimbwa, mwenye simu Mto wa Mbu au Muscat alione na apige kelele. Penye jina kubwa uwazi ni mlinzi. Penye mti mmoja wa matambiko nyuma ya nyumba ya mjane, uwazi ni mwizi.

Nani aamue mahali gani ni pa namna gani? Hapa ndipo ninaposimama kwa nguvu zangu zote, Ndugu Mkurugenzi. Asiamue mtaalamu peke yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeupa mkutano mkuu wa kijiji nafasi yake katika mambo ya ardhi, na vijiji vimeshazoea kukaa na kuchora mipango ya matumizi bora ya ardhi. Tumieni kikao hichohicho. Orodha isomwe kwa Kiswahili, na ikibidi kwa Kimeru na Kimaasai. Mshili wa ukoo na laigwanani waseme. Na kijiji kikisema, mahali hapa tunapajua, tutapalinda, hatutaki paandikwe, basi pasiandikwe. Jirani wa mpaka ataarifiwe tu kwamba hapo hapajengwi. Zipo taarifa ambazo ni mali ya ukoo, na kunyamaza kwao si ujinga wala ukaidi.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu inakaa hapahapa Arusha. Ilitamka mwaka 2017, katika shauri la Waogiek wa Msitu wa Mau dhidi ya serikali ya Kenya, kwamba haki zao zimevunjwa, ya utamaduni na ya dini zikiwemo; na katika hukumu ya fidia ya Juni 2022 ikaagiza ardhi yao ipimwe na wapewe hati kwa kushauriana nao. Hukumu hizo zilisomwa katika jiji letu. Ingekuwa aibu majirani zake wa Meru wachorewe ramani bila kushauriwa.

Najua wapo watakaosema kwamba siri huzaa ufisadi, kwamba ofisa akibaki peke yake na taarifa ya eneo la kale anaweza kulimega na kuliuza bila mtu kujua. Hoja hii ni nzito na naikubali. Ndiyo maana siombi siri ya ofisi. Naomba nakala kamili ya kila kijiji ikae kijijini, kwenye daftari lililogongwa muhuri, chini ya mikono ya watu wasiopungua wawili ambao mkutano mkuu umewachagua. Mtu akitaka kuhamisha mstari Dodoma au mjini Arusha, kuna daftari Nkoaranga litakalomkatalia.

Kwa watafiti na wachora ramani, wa hapa na wa nje, nina neno pia, kwa kuwa vibali vyao vinapita mezani kwako. Tangu 2020 upo mradi unaoongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Cambridge wa kuorodhesha maeneo ya kale ya Afrika yaliyo hatarini kwa kutumia picha za setilaiti, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zake. Kazi hiyo tunaihitaji. Wanafunzi wa akiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanaihitaji. Lakini kila kibali kiseme bayana seva iko nchi gani, nani ana ufunguo wake, nani anaweza kufuta, na kijiji kitarudishiwa nini kwa lugha yake. Mtafiti asiyeweza kujibu maswali hayo manne mbele ya mkutano wa kijiji asipande mlima.

Ninachoomba kwako kwa sasa ni kidogo. Itisha kikao cha halmashauri zote tatu, Makumbusho ya Taifa, washili, malaigwanani na wapimaji, kifanyike huku na si Dodoma. Kianze na kata zile ambako upimaji wa viwanja unaendelea, kwa sababu huko muda ni mfupi. Na hadi kanuni zipatikane, agiza kwamba hakuna taasisi yenye kibali chako itakayoweka hadharani namba kamili za GPS za kaburi au mahali pa matambiko katika wilaya ya Arumeru na Jiji la Arusha.

Majibu yako tafadhali yawe ya maandishi, na nakala zake zibandikwe kwenye mbao za matangazo za ofisi za vijiji na mitaa, pale ambapo wananchi husoma matangazo ya upimaji wa viwanja.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkazi wa Tengeru, Wilaya ya Arumeru